Nundu ya Kinyozi Shemboko

Hapo zamani, wala si zile zamani za sungura kusema, maana vidonge vya ugonjwa wa hadithi hii vilikuwa vimeshapatikana, palikuwa na kinyozi wa kijiji cha Kwembago, jina lake Shemboko. Kaeni vizuri, na wewe mwenye muwa, tafuna taratibu.

Shemboko alikwenda hospitali kumtolea damu shemeji yake. Wakaipima, wakaikataa.

"Una homa ya ini, aina ya C," daktari akamwambia. "Inakula ini kimyakimya, miaka na miaka. Lakini dawa ipo. Meza vidonge miezi mitatu bila kuruka, utapona. Inapita kwenye damu: wembe, sindano, hata mswaki. Haipiti kwenye sahani, wala mkono, wala kikohozi. Wembe wako usimpe mtu."

Shemboko akafunga kazi. Wembe wa kukunja aliorithi kwa baba yake akauacha kwa ndevu zake mwenyewe. Kisha akaweka nadhiri: "Nikipona nachinja ng'ombe, na nundu nampa aliyeniokoa." Na kule Kwembago nundu haigawanywi. Anapewa mmoja, mbele za watu, na wengine wote ni wala nyama tu.

Maneno ya daktari aliyasema kijijini kama alivyoambiwa. Nani amsikilize? Shangazi yake, Bi Kiluwa, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kuku, alipita nyumba kwa nyumba: "Jamani eeh, ini la mwanangu linarukia watu!"

Basi ikawa vituko. Kigoda alichokalia kikasuguliwa kwa majivu. Kikombe chake kikafungiwa sandukuni. Watu wakamsalimu kwa fimbo ndefu: wewe unashika ncha hii, yeye anashika ile, mnatikisa. Hata mbuzi wake walinyimwa beberu!

Mkewe, Mwantumu, ndiye aliyekula naye sahani moja. Kila asubuhi alimsimamia. "Baba Zaina, meza nione. Fungua mdomo. Inua ulimi."

Lakini upweke nao unaua. Siku moja Shemboko akavisukuma vidonge. "Nipone nimsalimie nani, mke wangu? Fimbo?" Mwantumu alilia, akabembeleza, mume kafunga mdomo.

Habari zikamfikia Mwinjuma, swahiba wake tangu jando. Siku hiyohiyo akakusanya watu uani. Akamkumbatia Shemboko. Akanywea kikombe chake. Akalamba sahani yake. Watu wakaguna, aaah! Na mtu akishangiliwa haachi. Akautungua ukutani ule wembe, Shemboko kanyolea ndevu asubuhi ile, akajinyoa kichwa kikavukikavu, damu ikamchuruzika hadi shingoni.

"Mnaona? Nimekufa?"

Vigelegele! Watu wakaingiwa na aibu, wakalia, na msinicheke, wakapanga foleni wanyolewe kwa wembe uleule, nao waonyeshe mapenzi. Shemboko alitaka kuwakataza, vigelegele vikamfunika sauti. Mwantumu alijua hatari ya wembe. Mwantumu alinyamaza, kwa sababu mumewe alikuwa amekumbatiwa na watu, naye hakutaka kuwafukuza.

Bi Kiluwa ndiye aliyepasua foleni kwa viwiko. "Wembe una mashetani ya ini!" Akaunyakua, akautupa chooni.

Jioni ile Shemboko akadai vidonge mwenyewe. Akavimaliza. Damu ikapimwa, safi! Mwinjuma naye akapimwa, akakutwa nao ugonjwa. Sasa ni zamu yake kumeza.

Ng'ombe akachinjwa. Shemboko kasimama na nundu mikononi, mafuta yanamtiririka.

"Dawa ndiyo iliyokuponya," Mwantumu akasema, "na dawa niliisimamia mimi."

"Na alipoikataa, nani aliyemrudisha?" Mwinjuma akadakia. "Nimelipa kwa ini langu, shemeji. Nawe ulijua ya wembe, ukaniacha nijikate!"

Bi Kiluwa akacheka. "Ugonjwa labda ulikuwa nao kitambo, wembe ule umekunyoa miaka mingapi? Mapenzi yenu yangemaliza kijiji. Mimi mjinga ndiye niliyeutupa."

"Nadhiri ni ya aliyemwokoa yeye, si kijiji," Mwinjuma akamjibu. "Na ile fimbo ya salamu nani aliianzisha?"

Bi Kiluwa akainamisha kichwa. "Mimi. Nilimuumiza mtoto wa kaka yangu, najua. Lakini kwenye foleni ya wembe, wa kwanza kusubiri alikuwa Zaina."

Mwantumu akashika mdomo. Hakuwa amemwona bintiye. Shemboko akamtazama mtoto, akamtazama mkewe, akamtazama rafiki aliyekonda, akamtazama shangazi. Mikono mitatu imenyooshwa mbele yake, na nundu ni moja.

Haya, semeni nyinyi, maana yeye bado amesimama na nyama inapoa. Je, nani alistahili?