Bendera Mlangoni kwa Bi Mwanamize

Hodi, wenye masikio.
Karibu, ingia na hadithi yako.
Niingie nayo mlangoni au dirishani?
Popote, mradi usituache nje.

Basi palikuwa na mji wa pwani, nyumba nyeupe, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mtoto, mji wa wanyama waliostaafu. Tembo kaacha kubeba magogo, kaja. Nyati kaacha ugomvi, kaja. Kiboko, aliyekuwa mkubwa wa mto mzima, naye kaja, kachukua nyumba mbili, kachukua ufuo, kachukua na uenyekiti wa uwanja wa gofu. Kila asubuhi husimama pale akauliza, "Kwani mimi ni nani hapa?"

Wote hujibu, "Wewe ndiye wewe, Mzee."

Pembeni, pale nyasi zinapokutana na mchanga, alikaa Bi Mwanamize, kaa mdogo, na wanawe tisa shimoni.

Siku moja Kiboko akatangaza: kesho jioni kila shimo la uwanjani lisilo na bendera ya gofu litazibwa kwa saruji.

Bi Mwanamize akakimbia upande upande hadi miguuni pa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee. Wanangu wamejivua magamba jana tu, laini kama uji, nikiwatoa nje jua litawaua, kunguru watawameza, nipe siku saba."

"Siku saba? Mimi kesho nina mchezo, bibi. Kwani mimi ni nani hapa?"

"Wewe ndiye wewe, Mzee," akasema, akarudi kwake.

Kesho yake mchana wastaafu wakala, wakashiba, wakalala, krrr, krrr. Bi Mwanamize akatoka, akaing'oa bendera ya shimo la mwisho. Akavuta, akatetemeka. Akavuta, akatetemeka. Kru, kru, kru, hadi kwake. Akaisimika, akaupanua mlango, akawasukumia wanawe chumba cha ndani kabisa. "Tulieni, hata mkisikia radi."

Alasiri Kiboko akapiga. Pwaa! Mpira ukapaa, ukashuka, ukaviringika, ukasimama karibu na shimo. Gando likachomoza, likauvuta. Tumbu. Kwa macho yale ya uzeeni, nani angeliona gando?

"Pigo moja," akanguruma Nyati. "Mzee kaingiza kwa pigo moja."

Kima, mtunza uwanja, akajikuna. "Lakini Mzee, jana shimo si lilikuwa kule?"

Kiboko akamgeukia taratibu. "Unasema sikuingiza?"

"Hapana, Mzee. Shimo ni hili hili, tangu enzi za babu yangu."

"Na lile la kule?"

"Lile halina bendera, Mzee. Naenda kuchanganya saruji."

Siku ile ile shimo la Bi Mwanamize likazungushiwa uzio, likawekewa kibao chenye jina la Kiboko, na kunguru wakapigwa marufuku. Kila asubuhi Kiboko huja, huvimba, huuliza, "Kwani mimi ni nani hapa?"

Chini yake, Bi Mwanamize huhesabu wanawe, tisa, magamba magumu, kisha huinua gando. "Na mimi je?"

"Wewe ndiye wewe, mama."

Hadithi nimeitua hapa, anayetaka kuibeba aibebe. Funzo lake, watoto: vitu vya wakubwa haviguswi. Hivyo ndivyo Bi Mwanamize anavyowafundisha wanawe kila siku, ameegemea mlingoti wa bendera.