Paa la Mabango

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na moshi wa kiwanda!
Na sasa pana nini?
— Pana bango!
Haya, sogeeni karibu. Hadithi yenyewe haina joto, itabidi tubanane tu.

Hapo kale Mtaa wa Magunia ulikuwa na kiwanda. Mitambo ililia kata-kata-kata kutwa nzima, na kila mnyama wa mtaa alikula kwa kufuma magunia. Siku moja kiwanda kikafungwa. Mwenye nacho akaenda zake, hata kuaga hakuaga. Mabati yakang'olewa, mitambo ikauzwa chuma chakavu, vijana wakahama. Ukabaki mtambo mmoja tu, wa Bibi Buku.

Buku mnamjua, yule panya mkubwa mwenye mashavu kama mifuko. Wezi walikuwa wakichomoa parafujo za mtambo wake moja moja. Basi zilizobaki akazichomoa mwenyewe, akazitia mashavuni, mahali ambapo mkono wa mwizi haufiki. Tangu hapo hakuweza kusema. Mkutanoni aliulizwa hili, akajibu "Mm." Akaulizwa lile, akajibu "Mm."

Alichotaka Bibi Buku duniani ni mabati kumi. Mtambo ulikaa wazi chini ya boriti tupu, kutu imeshaupanda hadi kiunoni. Vuli zikizidi kuunyeshea, basi, iko siku hautalia tena, na yeye hana kazi nyingine aijuayo.

Sasa, mtaa ulikuwa na chama cha kuufufua, na mwenyekiti wake alikuwa Fisi. Na kila mwaka, kabla ya vuli, Korongo waliruka kutoka kaskazini ya mbali wakiwa na fungu la fedha la kufufulia mitaa iliyokufa.

Mwaka wa kwanza Korongo wakaja. Fisi akawalilia, uwiii! Wakatoa fungu. Fisi akafanya semina, akala nyama ya semina, akasimika bango. Bango la bati jipya, limeandikwa: MWENYE BIDII HAKOSI MSAADA.

Mwaka wa pili Korongo wakaja. Fisi akalia, uwiii! Wakatoa fungu. Fisi akafanya semina, akala nyama ya semina, akasimika bango.

Mwaka wa tatu hivyo hivyo. Wa nne hivyo hivyo. Bibi Buku akanyoosha mkono mkutanoni kuomba mabati, ikatoka "Mm-mm-mm!" Fisi akasema, "Ahsante mama kwa kutuunga mkono," na ikaandikwa hivyo. Mpaka mabango yakawa kumi, na wakazi wakawa sita.

Halafu Mama Kobe, shoga wa Bibi Buku tangu kiwandani, akaja kumuaga.

"Naondoka, mwenzangu. Nyumba nimeshaibeba."

Bibi Buku akalia. Alilia kweli, sio kilio cha Fisi. Akatazama yale mabango yanavyong'aa barabarani, bati kwa bati, na yeye mtambo wake unaoza. Hasira ikampanda. Akatema parafujo kiganjani, ko! ko! ko! Akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kumbe unaongea!"

"Leo nina haja. Hivi Korongo huja kwa njia gani?"

"Huruka. Juu kabisa."

"Na mabango yako yametazama wapi?"

"Barabarani."

"Masikini! Sasa aliye juu atasoma nini? Anaona ukingo wa bati tu. Nasikia Mbweha wa mtaa wa pili ameshalaza la kwake chali."

Fisi akaruka. "Mbweha! Anataka fungu langu!"

"Yalaze na wewe. Ila juu, yaonekane. Sijui wapi hapa mtaani pako juu..." Bibi Buku akajikuna kichwa. "Labda kwenye boriti za kiwanda."

Fisi akapanda mwenyewe. Akalaza bango, pu! Akapigilia, ngo! ngo!

"Hili nalo, Bibi Buku?"

"Hilo nalo, Mwenyekiti. Lipandishe kidogo juu ya mwenzie, upepo usilichukue."

Pu! Ngo! ngo! Kumi yakaisha. Fisi akashuka siku ya pili anatweta, ameezeka kiwanda hajui.

Asubuhi yake Bibi Buku akarudisha parafujo zake, akapaka mafuta, akatia katani ya akiba, akavuta mkono wa mtambo. Kata. Kata-kata. Kata-kata-kata! Mama Kobe alikuwa na siku tatu njiani, hajafika hata kwenye kona. Akasikia, akageuza. Wakazi waliobaki nao wakaja, wakashika kazi, wengine wanafuta machozi. Bibi Buku akafurahi, akavuta tena.

Korongo wakatua. Fisi akaanza, "Uwiii!" lakini mtambo ukammeza sauti.

"Mtaa una paa," akasema Korongo mkubwa. "Una mtambo. Unalia!"

"Ndiyo, baba," akasema Bibi Buku. "Tupeni katani kidogo tu tuendelee. Hii iliyopo itaisha kesho."

"Hongereni sana. Fungu letu ni la mitaa iliyokufa. Nyinyi mmefufuka." Wakapiga makofi kwa mabawa, pa-pa-pa. "Mwenyekiti, kazi yako imekwisha. Mradi tunaufunga. Na mali ya mradi ihamie kwa Mbweha, mtaa wake bado umekufa."

"Mali gani, baba?" akauliza Bibi Buku.

"Mabango."

Mbweha akaja na mkokoteni. Akang'oa bango, kwaa! Akang'oa lingine, kwaa! Kumi yakaisha. Korongo wakaruka. Mama Kobe akageuza tena, akashika njia yake.

Vuli ikaanza, ta, ta, tatata. Bibi Buku akachomoa parafujo zake, akazirudisha mashavuni. Akaketi chini ya boriti, maji yanampiga, kutu inapanda. Fisi akaja akaketi kando yake, amelowa, mbavu zinahesabika.

"Bibi Buku," akasema, "hayo mashavuni ni chakula?"

"Mm-mm," akasema Bibi Buku.

Nanyi mtaniuliza funzo. Funzo la hadithi hii ni kwamba mwenye bidii hakosi msaada.
— Kweli?
Mnaniuliza mimi? Someni bango.

Hapo ndipo ilipokomea. Mwenye bati aezeke, asiye nalo akinge ndoo.