Kisima cha Mwinchande na Dua za Kijiji

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama wenye kiu. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale, mamba walipokuwa wengi kuliko mitungi, alikuwako bibi mmoja mkunga, Bi Mwanatumu. Huyo alikuwa mdadisi! Hata kuku akikatiza njia, atataka kujua anakwenda kwa nani. Maji ya kijiji yalichotwa mtoni, na huko mtoni mamba alishamchukua bintiye.

Basi Bwana Mwinchande, tajiri wa chumvi, akachimba kisima. Wapi? Mlangoni pa duka lake! Ndoo ikashuka, chubwi! Ikapanda na maji matamu. Watu wakashangilia, wakainua mikono, wakamwombea marehemu mama yake, naye pia aliliwa na mamba.

Bi Mwanatumu akaitikia amina, kisha akauliza, "Mwanangu, umechimba kwa ajili ya mama au ya chumvi?"

Mwinchande akacheka. "Bibi nawe! Vyote viwili."

"Na umekitoa?"

"Nimekitoa sadaka. Ni chenu."

Bibi akaridhika nusu. Chubwi, chubwi, watu wakachota. Chumvi nayo ikauzika.

Ukaja ukame. Mwinchande akakifunika kisima kwa ubao. "Asiyenunua chumvi, hachoti!" Wasichana wakarudi mtoni. Bi Mwanatumu akawaona wakiteremka na mitungi, akashikwa na hofu, akalia.

Kulipokucha akawakusanya wanawake, wakajaa dukani. Mwinchande akawauliza,

"Bibi, mnataka chumvi?"

"Hatutaki. Tumefuata dua zetu. Tulimwombea mama yako, turudishie."

Mwinchande akaduwaa. "Dua inarudishwaje, Bibi? Imeshakwenda kwa mama!"

"Haya. Na sadaka je, inarudishwaje?"

Tajiri akatazama njia ya mtoni. Chozi likamtoka. Akauinua ubao kwa mikono yake, akampa Bibi, na Bibi akaufanya kigoda chake pale pale kisimani.

Na duka? Liliuza, tena sana! Bibi mwenyewe alinunua chumvi hapo.

Wajukuu wakamuuliza, "Bibi, Mwinchande alikuwa mwema au mjanja?"

"Hata mimi natamani kujua," akasema. "Kutoa ni moyo, na moyo una vyumba vingi. Nia mwachieni mtoaji, wanangu. Kifuniko msimwachie."

Hadithi yangu imeishia hapo, kisimani. Chubwi!