Fisi, Paa na Neno "Haya"

Hadithi, hadithi!

— Ije tuisikie!

Inakuja, ipisheni njia. We Mwanaidi, acha kucheka, bado sijaanza.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na ghala moja la mbegu. Ufunguo wakampa Fisi. Ndiyo, Fisi! Msinitazame mimi, si mimi niliyempa.

Mvua zilipokaribia, Paa, mjane mwenye watoto watatu, akaenda kuomba mbegu.

"Ufunguo umepotea," Fisi akasema. "Njoo kesho."

Kesho yake akaenda. "Kufuli lina kutu. Njoo kesho."

Siku ya tatu wingu limeshatanda. Fisi akamshika mkono. "Shemeji, mbegu zipo tele. Kwanza ulale kwangu, ndipo nifungue. Ukikataa, wanao watakula mchanga."

Paa akawafikiria wanawe, akautazama mkono ulioshikwa, akajibu kwa sauti ndogo, "Haya."

Fisi akamwachia. Lo! Paa alitimua mbio hadi barazani kwa hakimu, Mama Tembo, akamweleza yote.

Fisi akaitwa. Akaja anakenua meno. "Mwenyewe alisema 'haya'! Mwulizeni. Sisi watu wazima tumekubaliana, kosa langu nini?"

Paa akainamisha kichwa. Aliona neno lake mwenyewe limemfunga.

Mama Tembo akasema, "Sheria yetu iko wazi. Mwenye ufunguo asimtake kimwili anayemwomba. Na 'haya' ya mwombaji si ridhaa, ni woga. Wewe Fisi, neno 'haya' umelisikia vizuri sana. Haya yenyewe huna!"

Baraza zima likapiga vigelegele. Fisi akanyang'anywa ufunguo, akafungwa. Mbegu zikagawiwa mchana uleule.

Paa akalia kwa furaha. "Ni nani aliyeitunga sheria hii, nimshukuru?"

Kanga, bibi kizee, akajibu polepole, "Ni mimi na wenzangu, mjukuu wangu. Sisi tulipotendwa hivyo, tulilia, tukaambiwa tunyamaze. Tukasema, atakayekuja nyuma yetu asilie peke yake."

Paa akampigia magoti. "Asante, bibi. Asanteni nyote. Mlinilinda kabla sijazaliwa."

Basi wanangu, cheo ni dhamana, si mtego wa kunasia wenye shida. Ukitegwa, sema, aibu si yako. Na waliotuwekea sheria, tuwashukuru wangali hai.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka ajitwike.