Chui Alivyochagua Mbwa wa Kuwindia

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa kuhadithiwa tu, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao na ugomvi wao wa majirani kama sisi. Sogeeni. Wewe hapo, acha kumfinya mwenzio, nikishaanza sirudii.

Basi kulikuwa na Bwana Chui. Mkubwa, mwenye nguvu, na maringo sasa! Akipita, utadhani njia ameitengeneza yeye. Na kulikuwa na Bi Siwema Nguchiro, mdogo, mwembamba, akikaa na watoto wake ndani ya kichuguu. Kichuguu si mnakijua? Kile kilima cha udongo cha mchwa. Mchwa wakihama, nguchiro anaingia, anafagia, anaita nyumba.

Bi Siwema alikuwa na tabia moja: kuuliza. Akipita jikoni kwako atakuuliza chumvi umetia saa ngapi. Akienda msibani atauliza marehemu jana alikula nini. Wenzake walimchoka, lakini ndivyo alivyoumbwa.

Siku moja ya soko, Mbweha akaja na mbwa wa kuuza. Ndiyo, Mbweha kuuza mbwa, binamu zake mwenyewe! Msinitazame hivyo, mimi sikumtuma.

Soko lile lilikuwa na miiko miwili. Mmoja, sokoni hakuna kumla mwenzio, hata njaa ikukate utumbo. Wa pili, kinachouzwa hakisemi. Kuku hasemi, mbuzi hasemi, mbwa hasemi, mpaka anunuliwe. Ati bidhaa ikiachiwa kusema itajisifu mno.

"Mbwa! Mbwa wa kuwindia!" Mbweha anaita. "Njoo utazame, kutazama si kununua!"

Nani alifika wa kwanza? Bi Siwema, mikono kiunoni.

"Mbona huyu ana miguu mirefu hivi?"

"Huyo Mbiombio. Anamwona swala akiwa ng'ambo ya mto. Akishamwona, fyuuu! Kamfikia."

"Na huyu wa masikio mpaka chini?"

"Huyo ni pua, mama. Akinusa unyayo wa juzi, anakupeleka mpaka kwa mwenye unyayo."

"Sasa pua na masikio vinahusiana nini?"

"Bi Siwema, unanunua au unapita?"

"Napita. Na huyu mfupi kama kigoda, naye mbwa?"

Mbweha akacheka. "Mdharau mwiba, mguu huota tende. Huyo mchimbaji. Hakuna shimo asiloingia, na akimkuta mtu ndani anamtoa kwa shingo."

Bi Siwema akamtazama Mfupi kwa hamu kubwa, akapima miguu yake kwa macho, akapima kifua. Alikuwa anataka kujua tu, masikini. Hakujua bado.

Mara Bwana Chui huyo, pu, pu, pu.

"Shikamoo, Bwana Chui," Mbweha akaamkia.

"Marahaba. Mbweha, nataka mbwa. Nipe aliye mzuri."

Bi Siwema angenyamaza? Thubutu!

"Mzuri kwa kazi gani, Bwana Chui?"

"Kuwinda, nini tena?"

"Kuwinda nani? Swala?"

"Swala namkamata mwenyewe."

"Nguruwe pori?"

"Simtaki."

"Ni mkubwa au mdogo?"

"Mdogo."

"Anapanda miti?"

"Angepanda ningeshammaliza zamani!"

"Sasa anakaa wapi?"

Chui akalamba midomo, akatazama pembeni. "Anakaa udongoni. Mama na watoto wake. Nikitokea tu, kurukuru! Wote ndani. Nikitia mkono, haufiki."

Lo! Bi Siwema akajua ni yeye anayesemwa! Aliukumbuka mkono ule. Uliingia mlangoni kwake na kucha zake, ukapapasa, ukapapasa, na watoto wamejibana ukutani wakilia bila sauti. Na yule Chui amesimama mbele yake anajiona amejificha vizuri, kwa sababu hakutaja jina! Alidhani asipotaja jina, mwenye jina hatajijua.

"Basi hapa hakuna mjadala," Mbweha akasema. "Mchukue Mfupi. Leo hii hii utakula."

"Nifungie," Chui akasema.

Bi Siwema akawaza. Kukimbia? Atakimbilia wapi na wakati nyumba ndiyo inayokwenda kuchimbwa? Akamsogelea Chui.

"Bwana Chui, kwani mbwa huyu akiingia shimoni, wewe utakuwa wapi?"

"Nje, namsubiri."

"Na akianza kula humo ndani, nani atamwona?"

Chui akamtazama Mfupi upya. Mnajua kwa nini chui anapandisha nyama yake mtini? Uchoyo, wanangu. Hataki kuombwa. Swali lile lilimwingia kama mchanga kwenye wali.

"Mbwa wangu hawaibi!" Mbweha akaruka.

"Mimi nimesema anaiba?" Bi Siwema akauliza, taratibu kabisa. "Bwana Chui, hivi wewe unanunua mtungi bila kuujaribu?"

"Sinunui!" Chui akanguruma. "Ajaribiwe. Nina nyama yangu hapa ya nundu. Itawekwa shimoni. Aitoe nzima niione."

Pembeni ya soko palikuwa na kichuguu kikuukuu. Wakakiendea wote, mbwa nyuma; Mbiombio akasimama ubavuni mwa kichuguu.

"Nani ataiingiza nyama ndani?" Mbweha akauliza.

Chui akajitazama mabega. Mbweha akajitazama kifua. Kisha wote wakamtazama Bi Siwema.

"Kwani kuna mwingine anayeenea?" naye akauliza.

Akaingia, kurukuru, akiburuta nyama. Na sasa sikilizeni. Ile nyama ilikuwa na mafuta mazuri, yanachuruzika. Bi Siwema akaisugua kwenye ukuta wa kulia, akaisugua kwenye ukuta wa kushoto, njia nzima ikateleza. Na vichuguu, nyinyi hamjui, mimi najua, vina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Akaisukuma nyama ikatokea nyuma, tii, kwenye majani marefu. Halafu akauziba mlango ule kwa udongo, teke, teke, teke, akarudi mbele akikohoa.

"Hivi kumbe ndani ni mbali hivi?" akauliza.

"Ingia!" Chui akamwamuru Mfupi.

Mfupi akaingia. Mbwa wa watu, hodari, hana kosa. Akafuata harufu mpaka mwisho, akakuta udongo, na harufu iko ng'ambo ya udongo. Akafanya alichozaliwa kukifanya. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Chui akatega sikio. "Anafanya nini humo?"

"Kwani mbwa mwenye nyama akichimba, huwa anafanya nini?"

"Anaificha!" Macho ya Chui yakawa mekundu. "Nyama yangu! Toka! Toka hapo nje, mwizi!"

Mfupi akatoka kinyumenyume. Mdomo unang'aa mafuta mpaka kidevuni, pua imejaa udongo, na nyama hana.

"Ala!" akasema Chui.

"Mungu wangu," akasema Mbweha.

Mfupi akamtazama Bi Siwema. Alikuwa na maneno tele kinywani, lakini mwiko ni mwiko, kinachouzwa hakisemi. Akabaki kugeuza pua kuelekea nyuma ya kichuguu, anageuza na kugeuza. Bi Siwema alimwonea huruma, kweli kabisa. Aliona aibu hata. Lakini akawakumbuka wanawe wamejibana ukutani.

"Mbona anageuza shingo hivyo?" akauliza. "Anaona haya kukutazama?"

Mara, kumbe! Yule wa masikio marefu ameinamisha kichwa, anaambaa na kichuguu. Nfu, nfu, nfu. Anakwenda nyuma. Anakwenda moja kwa moja kwenye majani! Jasho likamtoka Bi Siwema mpaka mkiani. Hatua mbili tatu tu, na habari yake imekwisha.

"Bwana Chui! Na huyu naye anakwenda wapi? Hawa si wamekuja pamoja?"

"Wana njama!" Chui akamdaka sikio, akamvuta nyuma, akamwangusha chini, puu! "Mbweha, umeniletea genge!"

"Bwana wangu, mimi..."

"Nyamaza! Yule pale ndiye mbwa." Akamwonyesha Mbiombio. Mbiombio alikuwa amesimama wima, hatikisiki, shingo juu, macho ameyakaza mbali kwenye majani. "Mtazame alivyotulia! Hana tamaa, hana papara. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Huyo ndiye wa kufanana na mimi."

Bi Siwema hakuuliza kitu hapo. Akatokomea majanini.

Mbweha akapokea malipo yake, paja la nyati, akawafunga binamu zake wawili, akaondoka haraka kabla mteja hajabadili nia. Chui naye hata nyumbani hakupita. Akashika njia mpaka kwenye kichuguu cha Bi Siwema, mbwa wake pembeni, mate yanamdondoka.

"Haya, mbwa wangu. Ingia, nitolee mmoja mmoja."

Mbiombio akatia pua. Pua ikaenea. Akatia kichwa, kikaenea kwa shida. Mabega yakakwama, na ile miguu yake mirefu ikabaki nje inapiga teke hewani. Akajichomoa.

"Siingii, bwana," akasema. Sasa amenunuliwa, kinywa kimefunguka. "Mimi ni wa uwandani. Nionyeshe swala."

"Swala namkamata mwenyewe! Mimi nilitaka wa mashimo!"

"Wa mashimo alikuwa Mfupi, bwana."

"Mfupi mwizi! Amekula nyama yangu!"

"Hakuila. Ilitokea mlango wa nyuma, ikaanguka majanini. Niliona miguu midogo ikiisukuma, halafu ikaziba mlango. Mimi macho yangu hayapotezi kitu."

Chui akamgeukia. "Uliona?"

"Vizuri sana."

"Na ukakaa kimya?"

"Nilikuwa nauzwa, bwana."

Salaale! Chui alipiga kelele mpaka njiwa wakaruka. Akatimua mbio kurudi sokoni, Mbiombio mbele yake maana kwa mbio hakuwa na mpinzani, wakakuta vumbi na maganda ya ndizi. Mbweha alishavuka mto na Mfupi wake. Wakarudi polepole, Chui anahema, ulimi nje.

Akajilaza mbele ya kichuguu, akatia mkono wake mkubwa ndani. Haukufika, kama ambavyo haukufika siku zote. Akasikia kitu huko chini. Tafu, tafu, tafu. Na harufu ya mafuta ya nundu ikamjia usoni.

"Siwema!" akaita. "Siwema, mnakula nini humo?"

Bi Siwema alimsikia vizuri. Ila kinywa kilikuwa kimejaa, na watoto walikuwa wanagombea kipande cha mwisho, basi hakumjibu.

Hadithi imefika mlangoni, mimi naingia kulala. Nanyi shikeni hili: ukitafuta mbwa wa kuwindia, usichaguliwe na unayekwenda kumwinda.