Nani Aandikwe Kihamba cha Kilema

Hapo zamani za juzijuzi, simu zilipokwisha kujifunza kumtambua mtu kwa uso wake, waliishi ndugu watatu wa Kilema, kule mlimani Kilimanjaro. Nasema waliishi, lakini waliishi wapi? Hapo ndipo penye hadithi, kwa hiyo kaeni vizuri.

Mkubwa aliitwa Haikaeli, muuguzi, na kazi yake ilikuwa Ireland. Wa kati aliitwa Aminieli, fundi wa lifti huko Ujerumani, miaka kumi na moja bila kurudi. Wa mwisho aliitwa Nsia. Yeye alibaki nyumbani na migomba, ng'ombe mmoja, na makaburi ya wazazi wawili.

Makaburi hayo yako ndani ya kihamba. Kwa ninyi msiotoka mlimani, kihamba ni shamba la ukoo: unazaliwa humo, unazikwa humo, na hakikatwi vipande. Sasa baba yao, mama alipougua, alikiweka kihamba rehani kwa jirani, Mzee Mremi. Wakaandikiana: watoto wamepewa miaka saba ya kulipa. Wakilipa kabla ya saa sita mchana, tarehe ishirini na nne Desemba ya mwaka wa saba, kinarudi. Wasipolipa, Mzee Mremi akiuze kwa amtakaye, na makaburi humohumo. Baba akaongeza neno lake, kisha akafariki: "Atakayekikomboa, awe wa kike awe wa kiume, ndiye aandikwe mwenyewe."

Haikaeli akajifunga kibwebwe. Akachukua zamu za usiku, zamu za sikukuu, zamu ambazo wenzake walizikimbia. Kila alichopata akakiweka kwenye benki ya simuni. Mnaijua benki hiyo? Haina mlango, haina dirisha, haina hata yule mlinzi wa kukuambia uvue kofia. Unafungua akaunti ukiwa umelala. Ina swali moja tu: unaishi nchi gani? Haikaeli akajibu Ireland. Karibu sana, mpendwa mteja.

Mwaka wa saba ukafika na fedha zikatimia. Mwaka huohuo mkataba wa Ireland ukaisha. Akapata mwingine Ureno, kuanzia Februari. Akarudisha funguo za chumba, akahamia kwa rafiki siku chache, akafunga mabegi ya kwenda Krismasi, maana Mchagga na Krismasi ya nyumbani mnawajua wenyewe. Siku ya pili ya Desemba simu ikauliza: mpendwa mteja, bado unaishi Ireland?

Haikaeli ni mtu wa kweli, na hilo ndilo lililomponza. Ireland ameshaaga. Ureno hajafika. Akili yote iko Kilema, anahesabu nani wa kupelekewa nguo na nani ataridhika na chokoleti. Ukimuuliza Mchagga aliye hivyo anaishi wapi, unategemea aseme nini? Akaandika: Tanzania.

Benki ikafunga akaunti papo hapo. Ikamwambia kwa adabu kabisa kwamba haihudumii wakazi wa nchi hiyo, kwamba fedha zake ziko salama, na kwamba atazipata akileta uthibitisho wa makazi katika nchi wanayoihudumia. Akatuma pasipoti. Wakashukuru, wakauliza anaishi wapi. Akatuma mkataba wa Ureno. Wakashukuru, wakasema huo ni wa Februari. Akasema basi niandikeni tena Ireland. Wakashukuru, wakaomba barua yenye anwani yake, na chumba kile kilishapata mpangaji mwingine. Binti wa watu ana fedha za kukomboa kihamba, na haishi popote! Akakaa sakafuni kwa rafiki yake akalia kama mtoto.

Akampigia Aminieli. Aminieli alikuwa na tiketi mkononi, ya kwanza katika miaka kumi na moja, ya tarehe kumi. Alikuwa anamkimbilia bibi mzaa mama wa Marangu, aliyemlea na ambaye sasa alikuwa mgonjwa. Akaitazama tiketi, akamwambia dada yake aje kwake.

Huko Ujerumani ukitaka kuandikishwa kuwa unaishi mahali, mwenye nyumba asaini, nawe ulale humo kweli. Mwenye nyumba wa Aminieli hakutaka mtu wa pili. Aminieli akambembeleza wiki nzima, akakubali kupandishiwa kodi, akampa Haikaeli kitanda naye akalala jikoni. Nafasi ya ofisi ya mji ikapatikana tarehe kumi na nane. Tiketi ikafa. Lakini karatasi ikatoka: Haikaeli anaishi hapa, na muhuri juu yake. Benki ikapokea, ikashukuru, ikafungua. Tarehe ishirini na tatu fedha zikatumwa kwenye akaunti ya Nsia, Moshi, kwa sababu akaunti ya Haikaeli ya Tanzania ilishakufa kwa kutotumiwa.

Ikafika tarehe ishirini na nne. Saa sita, fedha hazijaingia. Uani kwa Mzee Mremi kulikuwa na mnunuzi kutoka mjini, ameshika futi ya kupimia, ameshakunywa soda mbili. Nsia akaenda mpakani, akachuma isale. Isale ni jani letu la mpaka, na pia ni jani la kuomba radhi. Ukiletewa limefungwa fundo, hulikatai, hata kama moyo unawaka.

Nsia akapiga magoti mbele ya mnunuzi na futi yake, akalitoa kwa mikono miwili. "Baba Mremi, tumechelewa. Tusamehe mpaka jua lizame."

Mnunuzi alikuwa na bei nzuri, na Mzee Mremi aliijua. Hata hivyo akalipokea lile jani. Saa kumi na moja jioni fedha zikaingia, Nsia akalipa, na mnunuzi akapanda gari lake bila kuaga mtu.

Haikaeli na Aminieli walifika baada ya Krismasi. Ukoo ukakutana, furaha tele, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Kisha mkubwa wa ukoo, Mzee Lyatuu, akatoa karatasi ya kihamba. Ina mstari mmoja wa jina, na atakayeandikwa ndiye ambaye watoto wake watarithi. Watoto wa wengine watakuwa wageni humo. Akauliza nani amekikomboa.

Haikaeli akasema, "Fedha ni jasho langu la miaka saba. Kila nchi inaniuliza ninaishi wapi, na kila jibu ninalotoa lina tarehe ya kuisha. Nataka mahali pamoja pasipo na tarehe."

Aminieli akasema, "Dada, fedha ulizokuwa huwezi kuzigusa zilikuwa zako vipi? Mimi ndiye niliyekupa makazi zikatoka. Bibi aliningoja mpaka tarehe kumi na tano, akachoka. Wamemzika mimi nikiwa jikoni kwangu nangoja muhuri wako."

Nsia akafuata. "Saa sita ilipita," akasema. "Kwa maandishi ya baba kihamba kilikuwa kimekwenda, na jasho na muhuri vilikuwa bado njiani. Nilikirudisha kwa magoti yangu. Na Januari mtaondoka, kama kila mwaka watu wanavyoondoka. Ninyi mna nchi za kuulizwa mnaishi ipi. Mimi nina hii tu. Akiandikwa mwingine, nitafagia makaburi ya baba na mama kwa ruhusa yake."

Hapo hata mbege ilisimama. Haikaeli alikuwa analia, Aminieli anatazama mikono yake. Mzee Lyatuu, mtu wa maneno mengi kupita mimi, aliuzungusha uso wake kwetu wana ukoo tuliokuwa tumekaa, mmoja mmoja, akanisukumia mimi kalamu. Mimi nimewaletea ninyi kalamu hiyo, maana nawapenda wote watatu.

Mmoja alizitafuta fedha. Mmoja alizifungua. Mmoja aliusimamisha mchana. Mstari ni mmoja, na wote watatu wanangoja.

Je, nani alistahili kuandikwa?