Mwenye Jina Lake Hachoki Kuulizwa

Mwenye jina lake hachoki kuulizwa. Maneno hayo aliyatamka mgeni mmoja asubuhi ya Jumamosi, barazani kwa Bibi Nyanzala, mjini Tabora, huku akitoa kitambulisho chake bila kununa. Wajukuu wa bibi, Jilala na dada yake Milembe, ndio wanaopangisha vyumba vya nyumba ile kwa wasafiri, na juma hilo walikuwa wamekwisha kufokewa na wageni walioona kuombwa kitambulisho ni kudharauliwa. Huyu alicheka tu. Sura ililinganishwa na picha, akapewa ufunguo, akaenda zake kulala.

Milembe akamgeukia bibi yake, aliyekuwa akichambua karanga kwenye ungo. "Bibi, umemsikia yule mzee? Msemo ule kautoa wapi?"

Bibi Nyanzala akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Yeye kautoa wapi, hilo kamuulize akiamka. Lakini ulikozaliwa ni hapa hapa mlipokaa, kwenye baraza hii, kabla baba yenu hajazaliwa. Wekeni simu chini niwaeleze chanzo chake."

Nyumba ile, zamani, ilikuwa ya mama mkwe wake, Kalunde. Mume wa Kalunde alikufa akamwachia nyumba ndefu yenye vyumba vingi kuliko watu. Na Tabora, kama ijulikanavyo, ndipo reli inapogawanyika, moja ikienda Kigoma, nyingine Mwanza. Abiria wa kutoka pwani walikuwa wakishuka hapo kungoja treni nyingine, nao walihitaji pa kuweka ubavu. Kalunde akafagia vyumba, akatandika vitanda, akawa anapokea wasafiri.

Alikuwa mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Chakula chake kilisifiwa, mashuka yake yalinukia jua, lakini alikuwa na jambo moja lililowakera watu: hakumpa mtu ufunguo kabla ya kumjua. Wewe nani, mtoto wa nani, umetoka wapi, nani anakufahamu hapa mjini? Akijibiwa, huuliza tena kwa njia nyingine, kama mtu anayechambua mchele mara ya pili kwa kuwa jiwe moja humvunja jino mlaji.

Shemeji yake, Mihayo, mdogo wa marehemu mumewe, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Shemeji, unatuaibisha," alimwambia. "Tangu lini mgeni akaulizwa jina mkono wake ungali mkavu? Kwanza maji, kisha ugali, jina litakuja lenyewe."

"Maji nitampa, na ugali nitampa," Kalunde alijibu. "Hivyo ni haki ya mgeni. Ufunguo ni haki ya nyumba. Silazi na watoto wangu chini ya paa moja mtu nisiyemjua."

Katika wapangaji wake, aliyekaa kuliko wote alikuwa Fundi Pazi, mshonaji, Mzaramo wa Maneromango. Alipanga chumba cha mbele, na cherehani yake ikakaa barazani. Sasa, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za wapagazi waliobeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Mtani humwambia mtani wake maneno ambayo mwingine angeyasema angepigwa, na anayeambiwa hana ruhusa ya kukasirika. Dawa yake ni kujibu. Basi kila asubuhi Kalunde alipopita na ndoo, alianza: "Mzaramo, jembe lako liko wapi? Au umeliacha shambani linacheza ngoma peke yake?"

Naye Pazi, bila kuinua macho kwenye kitambaa, alijibu: "Mnyamwezi, shusha mzigo upumzike. Pwani tulishafika zamani."

Kila siku ni yale yale, na kila siku walicheka kana kwamba ni mapya.

Kisha homa ikamshika Pazi, ikawa kali, hospitali ikashindwa. Alipoona anaondoka, alimwita Kalunde. "Cherehani ni ya binti yangu, Mwamvita. Mama hana, na sasa baba hana. Akiikosa hiyo, hana kitu duniani."

"Itafika," alisema Kalunde.

Siku ya maziko, jeneza lilipofika mlangoni, Kalunde alisimama mbele yake akanyoosha mikono, akasema hapiti Mzaramo hapa mpaka alipe pango. Waombolezaji wakacheka huku wanalia. Ndivyo utani ulivyo; msibani ndipo hasa penyewe. Mtani akikaa kimya msibani, watu huuliza kama alikosana na marehemu. Kalunde aliwapisha wakapita, kisha akalia kuliko ndugu.

Akatuma salamu kwa mdomo wa abiria walioteremka pwani, na jibu likarudi kwa njia ile ile: mdogo wa marehemu, Mwinshehe, atakuja kuichukua cherehani ampelekee mtoto. Kalunde akakifunga chumba cha Pazi, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Wageni walijaa hadi wengine wakalala ukumbini, lakini chumba kile hakupewa mtu.

Siku moja Mihayo alirudi kutoka stesheni akiwa amembebea mfuko mgeni aliyevaa suruali iliyonyooka na koti zuri. Mgeni alipofika barazani akauona mlango wa chumba cha mbele, akaangua kilio. Ni yeye Mwinshehe, alisema. Alitaja ugonjwa uliomuua kaka yake, akamtaja Mwamvita, akaitaja Maneromango. Akatoa na stakabadhi ya kodi ya kichwa yenye jina lake, maana siku hizo hiyo ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha mtu, nayo haikuwa na picha. Majirani wakajaa, kina mama wakalia naye.

"Shemeji," Mihayo alinong'ona, "leo usianze mambo yako. Mpe mfiwa ufunguo."

Kalunde alimpa maji. Akampa ugali na kuku. Alikuwa ameamini, naam, hata mkono ulikwisha kwenda kwenye pindo la kanga. Lakini alipomwona Mzaramo amekaa pale pale alipokaa Pazi, ulimi wake ukafanya kama ulivyozoea.

"Haya, Mzaramo," akasema, "umekuja, na jembe umemwachia nani? Au liko Maneromango linacheza ngoma peke yake?"

Mgeni akaacha kutafuna. Akawatazama watu, kama anayetafuta wa kumwambia acheke au asicheke. Kisha uso ukamkunjamana. "Mama, mimi nina msiba. Nimekuja kwa heshima, na wewe unalitukana kabila langu?"

Mkono wa Kalunde ukaachia pindo la kanga.

"Mimi ni Mnyamwezi," alisema polepole. "Nilimzuilia kaka yako jeneza mlangoni nikamdai pango, na Wazaramo wote wa mji huu walinishukuru. Wewe ni nani?"

"Nimeshasema! Mimi ni Mwinshehe!"

"Nimesikia. Mtoto wa nani?"

"Karatasi si umeiona?"

"Nimeiona. Karatasi imetaja jina, haikutaja uso. Nakuuliza kwa uzuri, baba, wala sijakufukuza. Wewe ni nani?"

"Nitasema mara ngapi?" Mgeni akasimama, akauchukua mfuko. "Nyumba gani hii ya kuhoji watu kama wezi! Nakwenda kumleta polisi, atafungua mlango huo mbele yako."

"Nenda, baba. Mkija nitakuwa nimechemsha chai."

Akaenda. Chai ilichemka, ikapoa, polisi hakuja na mgeni hakurudi.

Ungedhani sasa Kalunde alisifiwa. Thubutu! Mihayo aliona mambo kwa jicho lake: mfiwa katukanwa, kaona haya, kapanda treni kurudi kwao. "Umemfukuza mwenye mali," alisema mbele ya majirani. "Kesho watasema tumedhulumu yatima wa watu."

"Heri lawama kuliko fedheha," Kalunde akajibu, na sauti yake haikutetereka. Lakini alipokuwa peke yake jikoni alijiuliza. Je, kama alikuwa Mzaramo aliyekulia ugenini, asiyejua utani? Je, kama ile 'itafika' aliyomwahidi mtu anayekufa ameivunja yeye mwenyewe, kwa domo lake? Alisugua sufuria ile ile mpaka ikang'aa kuliko siku iliyonunuliwa.

Haukupita muda mrefu, mchana mmoja ikasikika hodi. Akaingia mtu amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, hana mfuko, hana koti. Alikuwa ameshuka kwenye lori la chumvi. Hakungoja kukaribishwa, alikaa kwenye kiti cha Kalunde mwenyewe, akachukua kiazi kwenye sahani yake, akakimenya.

"Mimi ni Mwinshehe," alisema, kiazi kikiwa mdomoni. "Nimefuata cherehani ya kaka."

Mihayo, aliyekuwa mlangoni, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mara hii yeye ndiye aliyeuliza. Mwinshehe nani? Mtoto wa nani? Babu yako nani? Kwa nini huna hata karatasi? Mtu yule akajibu yote, kisha akaeleza: kwenye treni alikaa na abiria mwenye koti zuri, mwema wa maneno, akamsimulia safari yake yote tangu Dar es Salaam. Walipofika Manyoni alishuka kunywa chai, mfuko akamwachia jirani yake, na treni ikamwacha. Stakabadhi ya kodi ilikuwa humo mfukoni.

Mihayo akaimeza aibu yake. Hata hivyo, aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi, basi akaanza upya: "Umesema jina lako nani?"

"Shemeji, muache mtu ameze kwanza," akasema Kalunde, na watu wakashangaa, maana maneno hayo hayakuwa yake.

Lakini mgeni alikuwa anacheka. "Aniulize, mama. Aniulize mpaka jua lichwee. Jina hili nilipewa na babu yangu, sikuliazima kwa mtu wala sina hofu kwamba nitalisahau. Mwenye jina lake hachoki kuulizwa."

Kalunde alimtazama yule mtu wa vumbi. Sasa alikuwa na swali moja tu, na akikosa jibu lake hakujua tena la kufanya. Akalisema kama alivyolisema kila asubuhi, ndoo mkononi.

"Mzaramo, jembe lako liko wapi? Au umeliacha shambani linacheza ngoma peke yake?"

Mwinshehe hakuinua hata macho kwenye kiazi. "Mnyamwezi," akasema, "shusha mzigo upumzike. Pwani tulishafika zamani."

Kalunde akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Baba yetu. Hakumwona Mnyamwezi akapita bila kumwambia hivyo. Kwani Pazi hakukwambia?"

"Aliniambia," akasema Kalunde. "Kila siku aliniambia." Akalia, akacheka, akashindwa kujua lipi linafuata lipi. Kisha akafungua pindo la kanga, akautoa ufunguo, akamwekea Mwinshehe kiganjani. Mzigo aliokuwa ameubeba tangu siku ya homa, aliushusha hapo.

Siku ya safari, aliyeipeleka cherehani stesheni alikuwa Mihayo, tena kichwani, na hakukubali kupokewa. Mwinshehe alitembea nyuma yake mikono mitupu, akiwaambia wapita njia kwa sauti: "Mwaona? Mnyamwezi bila mzigo haamini kama anatembea!" Mihayo alicheka mpaka cherehani ikataka kumponyoka.

Baada ya muda mrefu, abiria mmoja alishuka kwenye treni na kifurushi cha Kalunde. Ndani mlikuwa na gauni, mishono yake imenyooka kama ya Pazi, limeshonwa na Mwamvita. Abiria alitaka kukitupa kifurushi awahi treni ya Kigoma, lakini hakuweza, kwa sababu Kalunde alimuuliza yeye ni nani, mtoto wa nani, na nani amemtuma. Alipomaliza akamuuliza tena. Na Mihayo, safari hii, alisimama pembeni akitikisa kichwa kukubali kila swali.

Bibi Nyanzala akazikusanya karanga zilizomwagika. "Msemo wa Mwinshehe ukabaki hapa mtaani. Ukapanda na treni pia, maana abiria ni watu wa kubeba maneno. Leo yule mzee kaurudisha nyumbani, wala hajui."

Kabla Milembe hajasema kitu, hodi ikapigwa. Alikuwa mgeni mwenye mkoba wa ngozi na manukato, ameshanyoosha mkono kupokea ufunguo. Jilala akainuka, akampokea mkoba, akamvutia kiti, akamletea maji ya kunywa. Kisha akatabasamu.

"Karibu sana, mzee, umefika. Sasa, kabla ya ufunguo, naomba kukujua."

Mgeni akakunja uso. Jilala hakuondoa tabasamu wala hakuutoa ufunguo. Nyuma yake, kwenye ungo wa karanga, ikasikika sauti ya Bibi Nyanzala, haina haraka:

"Usiudhike, baba. Mwenye jina lake hachoki kuulizwa."